Mitungi Sitini na Minne Chini ya Neema

12 Januari

Dada yangu,

Nakuandikia nikiamini u mzima, Mama naye mzima, na lile goti lake limeacha vituko. Sisi huku hatujambo. Wifi yako amepona kikohozi. Mtoto mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hawezi kusema "shangazi" bila kumrushia mtu mate. Mdogo ameanza kutembea, yaani anaanguka kuelekea mbele.

Habari kubwa ni hii: kanisani wamenipa darasa. Kila Jumatano jioni, watu kama thelathini, mada moja tu, neema. Laiti ungekuwepo! Watu wanaingia wamejikunja kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo, wanatoka wamenyooka. Nawaambia dhambi ya aliyeokoka imeshashughulikiwa, ya jana, ya leo na ya kesho, sasa mbona mnatembea mmeinama kama mnatafuta sindano? Wameanza kuniita Mtumishi. Nilikukumbuka wewe, unayezijua dhambi zako zote kwa tarehe, na za majirani pia.

Kazini tunasonga mbele. Pampu ya kupimia mitungi ya gesi imeharibika tangu Novemba na kipuri bado kiko njiani, lakini kazi haikulala hata siku moja. Meneja amenisifu mbele ya watu. Dereva wa lori atakuletea mtungi na jiko lake, zawadi yangu kwa Mama. Umri ule si wa kuvuta moshi wa mkaa. Muhuri nimeupiga mwenyewe, utaiona namba yangu, saba, kwenye shingo ya mtungi.

Mdogo wako.


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na Mama amezipokea zote, hata za meno. Goti lake linauma jua likiwaka na linauma mvua ikinyesha, kwa hiyo hatuna tena cha kulisingizia. Mimi ni mzima. Nina oda ya majoho arobaini ya kwaya, na mwenyekiti wa kwaya anakuja kila siku kuangalia kama nimekufa.

Mtungi ulifika salama. Mama aliuzunguka mara mbili, akaugusa kwa ncha ya fimbo, akasema hawezi kulala nyumba moja na moto uliofungiwa kwenye chupa. Amerudi kwenye mkaa wake. Usimlaumu, na mimi usinilaumu.

Yule jirani muuza chai bado yupo chini ya dirisha langu, na redio yake iko juu kama kawaida. Unamkumbuka. Ni yule niliyesimama kanisani nikamtaja, kwa sababu alishika mimba bila ndoa na bado akawa anakuja kwenye meza ya Bwana ameinua kichwa. Wazee walimsimamisha asishiriki. Huu ni mwaka wa nne hatusalimiani, na sijaona hasara yoyote.

Sasa nije kwako, Mtumishi. Sisi tuliokulia na wewe tunakujua kwa jina la Kidole, maana hapakuwa na sufuria nyumbani ambayo hukuchovya ndani yake, na kila ulipokamatwa ulilia wa kwanza ili usichapwe. Naona umeipata dini inayokufaa. Na nieleze jambo moja: pampu imelala tangu Novemba, kazi haikulala. Hiyo mitungi mnaipima kwa nini, kwa mapambio?

Dada yako.


20 Februari

Dada,

Naandika haraka, dereva wa lori ananipigia honi. Salamu kwa Mama.

Ule mtungi usiwashwe. Kama uko jikoni, utoe leo hii, uweke mbali na moto na mbali na watu. Nitakuambia ukweli. Mtungi ukija kwetu unatakiwa kujazwa maji, unasukumwa kwa presha kubwa kuliko ile itakayobeba gesi, unaachwa, na ukivimba unakatwakatwa. Ukistahimili ndipo unapigwa muhuri. Pampu ilipokufa mimi nikawa naigonga mitungi kwa nyundo, nasikiliza mlio, halafu napiga muhuri. Mafundi wa zamani walikuwa na sikio hilo. Mimi nilijipa moyo kwamba ninalo. Miezi mitatu. Mitungi sitini na minne, ukiweka na wa Mama.

Jana mmoja umerudishwa na wakala, unavuja chini. Nilikwangua rangi kwa kisu kuona kutu imefika wapi, na kisu kikaingia. Nikamwona Mama ameinama na kiberiti.

Usimwambie mtu yeyote. Nimetubu, Dada, nimelia sakafuni mpaka nikapata amani. Mingine yote nimeikabidhi kwa Bwana.

Mdogo wako.


1 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza moyo wako utulie: mtungi haumo tena jikoni kwetu, na Mama hajawahi kuuwasha. Anakusalimu. Majoho ishirini na sita yamekwisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka, na hakikuwa kicheko ambacho ungependa kukisikia. Nisaidie wewe mwenye darasa. Mitungi sitini na mitatu umeikabidhi kwa Bwana. Mbona Mama hukumkabidhi? Bwana anaweza kuchunga majiko sitini na matatu, hili moja limemshinda? Kwa Mama uliona kiberiti, ukapata wasiwasi, ukamsimamisha dereva wa lori. Kwa mama za wenzio ulipata amani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na hiyo toba yako naijua, ni ile ile ya sufuria. Unatubu kama mtu anayejifuta mdomo, huku jicho likiangalia sahani nyingine. Wewe umesamehewa, sawa, sibishani na Mungu kuhusu watu anaowachukua. Lakini chuma hakikuwepo sakafuni ulipokuwa unalia. Chuma hakijui neema, kinajua kutu. Kesho asubuhi kuna mwanamke atawasha jiko akiamini namba saba, na hiyo saba ni wewe.

Nenda kwa Meneja. Mwambie. Mkusanye mitungi. Hayo ndiyo maneno yangu yote, mengine yalikuwa mapambo.

Dada yako.


24 Machi

Dada,

Tu wazima. Wifi yako anasalimia. Mtoto ameota jino moja, limekuja upande.

Nilingoja hasira ipungue ndipo nijibu, na haikupungua sana. Wewe huandiki barua, unatoa hukumu, na hukumu zako hazina rufaa. Umesahau kwamba hapana hukumu tena kwa walio ndani ya Kristo. Unataka nirudi chini ya sheria, nivae gunia, nijipake majivu, nipige magoti mbele ya Meneja ambaye hata kanisani haendi? Nikisema, nafukuzwa kazi. Watoto watakula ukweli wako? Na lile darasa je? Watu thelathini wamepumua kwa mara ya kwanza, leo wasikie mwalimu wao ni tapeli wa mihuri. Nitakuwa nimewajenga au nimewabomoa?

Nimesikiliza redio kila siku tangu Februari. Hakuna mtungi uliopasuka popote. Hilo nalo ni jibu, kwa anayetaka kusikia jibu.

Wewe ulimtaja yule mama wa chai mbele ya watu mia mbili. Umepata nini? Nyani haoni kundule, Dada.

Na mtungi umeuweka wapi? Hukusema.

Mdogo wako.


5 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ni mzima na anauliza utakuja lini. Majoho yote arobaini yamekwisha, mwenyekiti amesema mikono mirefu. Nimempunguzia mikono na nusu ya heshima niliyokuwa nayo kwake.

Mtume aliulizwa swali lako zamani sana: tuendelee na dhambi ili neema iongezeke? Akajibu neno moja, hasha. Hakuongeza "ila kama una watoto". Hakuongeza "ila kama redio haijatangaza". Wewe umelichukua lile swali, umeliondolea alama ya kuuliza, unalifundisha kila Jumatano.

Unasema sheria, sheria. Nani amekutajia sheria? Nimekutajia watu wanaopika. Unawaogopa wanafunzi wako wasikujue, unamwogopa Meneja asikufukuze, unamwogopea Mama asiungue, ila hao wengine huwaogopei, kwa sababu hujui sura zao. Hiyo siyo imani. Huko ni kutojali kulikovalishwa joho, na majoho mimi nayajua, yanaficha tumbo tu.

Usiniandikie tena mpaka uwe umefanya. Barua zako za amani zinanitia kichefuchefu.

Dada yako.


17 Juni

Dada yangu,

Naomba uzima wako na wa Mama. Watoto ni wazima, wifi yako ananiongelesha tena tangu wiki iliyopita.

Nimefanya. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikaona itakuwa kujisifu, nikangoja nimalize.

Wiki mbili baada ya barua yako nilisimama darasani, nikafungua mdomo kufundisha, nikamwona dada mmoja wa mstari wa mbele ana kovu la moto shingoni. La zamani, la mambo mengine kabisa. Nimemfundisha miezi minne na sikuwahi kuliona. Somo likaniishia mdomoni. Nikawaambia yote, mitungi, nyundo, muhuri. Wengine walitoka. Mzee mmoja akaniambia nimewaharibia amani yao, na alisema kwa sauti yangu mimi, Dada, ile ile ninayotumia Jumatano.

Asubuhi nikaenda kwa Meneja na orodha. Unajua alichonijibu? Yaliyopita yamepita, mtungi usiolalamika usiuamshe. Mpagani yule anajua darasa langu kuliko mimi. Nilipomwambia nitakwenda kwa mawakala mwenyewe, akanitoa getini na kuninyang'anya kitambulisho. Sikumchukia. Nilimdharau, halafu nikakumbuka ninayemdharau anafanana na nani.

Nimekusanya kwa mkokoteni wa kukodi, nyumba kwa nyumba. Unagonga mlango, unasema, "Samahani, mimi ndiye niliyeupiga muhuri mtungi wako na sikuupima." Wengine walinitukana, mmoja alinirushia maji ya vyombo, bibi mmoja alinishukuru nikajisikia vibaya kuliko wa maji. Kipuri kilipofika, fundi mwenzangu alinipimia yote kwa siri siku za Jumapili. Minne ilivimba. Mmoja ulipasuka ndani ya tangi la maji, ukatoa mlio ambao sitausahau. Mwanamke aliyenikabidhi huo alikuwa amebeba mtoto mgongoni.

Bado naiamini neema, hilo usifurahie. Niliigeuza mto wa kulalia. Lakini kwa hofu peke yake nisingefika kwa Meneja, ningekimbia. Nilifika kwa sababu nilijua kuna mahali nimeshapokelewa, hata getini nikifukuzwa. Darasa nimenyang'anywa, na ndiyo kwanza nimelielewa.

Ninayo sitini na mitatu. Umebaki wa Mama. Nilikuuliza uko wapi, ukanijibu kwa hasha. Uko wapi, Dada? Nije niuchukue.

Mdogo wako.


25 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu sana. Nimemsomea barua yako yote, akasema, "Kidole amekuwa mtu." Nakufikishia kama alivyosema.

Mtungi ulikuwa kwa jirani wa chai.

Nilimpa tarehe thelathini Januari, kabla sijajua lolote. Alikuwa na meza kubwa ya mbao ngumu anayowekea vikombe, na mimi nilikuwa na majoho arobaini na meza fupi, tukabadilishana. Mama ndiye aliyepeleka maneno huku na huko, kwa kuwa sisi hatusemeshani. Nilimwambia Mama amwambie kwamba mtungi umepigwa muhuri na mdogo wangu mwenyewe, ajue sisi ni watu wa aina gani. Kwa hiyo barua yako ya Februari niliifungua juu ya meza yake. Ile yangu ya mkuki kwa nguruwe niliiandikia hapo hapo. Na ya hasha.

Nilikuandikia kwamba mtungi haumo jikoni kwetu. Ilikuwa kweli. Uliusoma ukweli huo ukatulia, kama nilivyotaka.

Kila alfajiri namsikia anapiga kiberiti. Wafanyakazi wa kiwandani wanakaa kwenye mabenchi, kumi na tano, ishirini, na binti yake, yule yule niliyemtaja kanisani akiwa tumboni, anacheza na vifuniko karibu na jiko. Nilikuwa nakaza macho kwenye sindano mpaka nisikie moto umeshika, ndipo nipumue. Miezi minne. Siku ya kwanza nilikuwa na habari tu ya kumpa. Siku ya kumi nilikuwa na dhambi ya kuungama, na kuungama kwa yule, ambaye mimi ndiye niliyemtoa mezani! Nikasema nitakwenda kesho. Nikasema mtungi wake huenda ni mzima. Nikasema hata redio haijatangaza. Ndiyo, na hilo nililisema, nikiwa nimeshakucheka kwa hilo.

Wewe mitungi yako uliikabidhi kwa Bwana. Mimi wangu sikuukabidhi hata kwake, maana nilijua angeniambia niende.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Nilisoma mpaka pale pa mtoto mgongoni, nikatoka na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wateja walikuwepo. Nikasema mbele yao, sikuomba kuonana naye pembeni. "Zima jiko. Mtungi huo haukupimwa. Nimejua tangu Februari."

Akazima. Akamchukua mtoto, akamweka upande wangu wa ukuta, akawaambia wateja waondoke na wasilipe. Kisha akanigeukia.

"Tangu Februari?"

"Tangu Februari."

"Na unanisikia kila asubuhi ninapowasha."

"Nakusikia."

 Nilijiandaa kwa matusi, mdogo wangu, nilikuwa nayahitaji. Ningetukanwa pale mbele ya mtaa mzima ningerudi nyumbani nimelipa. Akasema, "Ingekuwa ni mimi nimekufanyia hivi, ungesimama kanisani."

"Ningesimama."

"Mimi sitasimama."

Basi.  Akashika mtungi upande mmoja, nikashika upande wa pili, tukautoa mpaka kwenye kile kiwanja kitupu nyuma, tukauzungushia mawe ili watoto wasiukaribie. Nikamwambia meza nitairudisha leo hii. Akasema nibaki nayo, yeye ameshazoea kupanga vikombe kwenye kreti. Nikamwambia Jumapili nitasimama pale pale nilipomtaja yeye, nijitaje mimi. Akasema nisithubutu, kwamba nikisimama watu watanisifu kwa ujasiri na nitakuwa nimepata sifa kwa mgongo wake kwa mara ya pili. Niende kwa wazee, kimya kimya, nikawaambie wamrudishe mezani na sababu ya kweli.

Nimekasirika tangu jana. Nimewadharau watu maisha yangu yote na nilikuwa na ustadi, nilijua kila mmoja anadaiwa nini mbele za Mungu. Sasa nimesamehewa na mtu niliyemdharau, bure, bila hata kuniuliza kama nimelia, na sijui nijishikilie wapi. Wewe umefundisha jambo hili kwa watu thelathini na hukuwahi kusema kwamba linauma.

Uje uuchukue mtungi. Kwa wazee nimekwenda leo asubuhi. Mmoja alianza kunipongeza, nikamwambia anyamaze aandike.

Niliporudi, yeye alikuwa amewasha mkaa na wateja wamesharejea. Akanisogezea kikombe, nikakaa kwenye benchi kati ya vibarua wawili, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huu. Chai yake ni nyepesi na haina sukari ya kutosha. Niliinywa yote, na sikumwambia.

Dada yako.